Nusu ya Pili ya Mwokaji

Mimi ni mtu wa kucheka. Nalisema mapema, maana kila nikitaja kwamba nilifanya kazi za nyumbani Saudia, watu hunitazama kwa huruma na kuninyamazia wakisubiri nilie. Machozi yapo, wenzangu wengi wanayo, na sithubutu kuyakana. Lakini mimi Mungu alinipangia nyumba yenye bibi kizee mcheshi, deki kuukuu na mchezo mmoja wa kuigiza wa nyimbo. Kwa ajili ya hivyo vitatu, nikiikumbuka Riyadh na Jeddah hujikuta meno nje.

Niliondoka Voi miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati kila ukuta ulikuwa na bango la wakala anayetafuta wasichana wa kwenda Arabuni. Riyadh nilipokewa na madam wangu, mwalimu wa shule ya wasichana, mkali wa maneno lakini mtu wa haki. Mumewe ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, na sote tulimwita baba. Alikuwa mtu wa safari, nyumbani alikuja kubadilisha nguo tu. Watoto wao walikuwa wameshakua. Kazi yangu hasa ilikuwa kumtunza mama mzazi wa madam, ajuza wa Jeddah aliyeletwa Riyadh kuishi na binti yake baada ya kufiwa na mumewe. Nyumba nzima ilimwita Hajja.

Hajja hakuipenda Riyadh hata chembe. Alisema ni mji wa vumbi na wa watu wanaokula bila kuzungumza. Siku ya kwanza alinikagua kutoka utosini hadi kwenye kandambili, akaniuliza kupitia kwa madam kama najua kuimba. Nilikuwa na njaa, na usingizi, na hofu ya ugeni, nikaona hapa hakuna la kupoteza. Nikamwimbia wimbo tuliokwenda nao mashindano ya shule, mikono yangu ikipanda na kushuka kama mwalimu wetu alivyotufundisha kwa kiboko. Hajja akagonga sakafu kwa fimbo yake mpaka nikamaliza. Madam akanitafsiria alichosema: "Huyu abaki."

Nikabaki. Na Ijumaa ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, nikajua kwa nini aliuliza habari ya kuimba.

Kila Ijumaa Hajja alikuwa na ibada yake ya pili. Wenyewe wakishakwenda kulala, yeye aliketi kwenye godoro lake la sebuleni, akaagiza chai ya mnanaa, kisha akanipa diski moja niitie kwenye deki. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa Kiarabu, wa zamani, uliorekodiwa jukwaani mbele ya watu. Picha ilitetemeka, rangi zilivuja, na unasikia kikohozi cha watazamaji. Lakini nyimbo! Kulikuwa na mwokaji mikate, bonge la mtu mwenye masharubu, bahili wa kutupwa, anayeuimbia unga wake kuliko anavyozungumza na watu. Ana binti mmoja. Kuna kijana mwenye haya anayekuja kununua mkate asubuhi, mchana na jioni, na mikate yote anawagawia paka. Na kuna majirani wanawake, masinia vichwani, ambao hawana kazi nyingine ila kuitikia. Mwokaji anagundua kijana haji kwa ajili ya mkate, anamkimbiza na mti wa kuokea, anateleza kwenye unga, anacheka mwenyewe, anamwoza binti. Arusi. Unga unarushwa kama manyunyu ya mvua, wote weupe, pazia linashuka, watu wanapiga makofi na kusimama.

Hapo Hajja alibonyeza rimoti na kusema, "Halas." Yaani basi, imekwisha. Nami nikaitoa diski, nikaifuta, nikairudisha kwenye kasha lake.

Kiarabu changu nilijifunzia hapo, na matokeo yake yalikuwa fedheha tupu. Siku moja fundi wa gesi alipiga kengele, nami kwa heshima zote nikamkaribisha kwa maneno ambayo mwokaji alikuwa akimkaribishia mkwewe: "Ingia, ewe mwizi wa unga, kabla sijakuvunja mgongo!" Yule fundi aliweka mtungi chini akarudi nyuma. Madam alikuja mbio, akaniuliza nimeyatoa wapi maneno hayo. Nilipomwonyesha Hajja kwa kidole, Hajja alikuwa amejifunika uso kwa mtandio na mabega yanaruka.

Kila likizo za shule na kila Ramadhani tulikwenda Jeddah, kwenye nyumba ya Hajja ya ujanani, ghorofa ya pili huko Al-Baghdadiyah. Joto la Jeddah ni la mvuke, unaoga ukitoka kuoga, ila Hajja akifika alikuwa kama mche uliomwagiwa maji. Siku ya pili tu tungemwita dereva atupeleke Al-Mahjar kwa fundi wake wa nguo, kwa kuwa Hajja hakukubali sindano ya mtu mwingine imguse.

Fundi huyo alikuwa Mzanzibari. Wazazi wake walifika Jeddah baada ya mapinduzi ya sitini na nne, yeye akazaliwa hapo hapo, Unguja hajapata kuiona ila kwa masimulizi. Mara ya kwanza niliyoingia kwake nilikuwa nanung'unika kwa Kiswahili ndani ya shela langu kwamba ngazi hizi zitaniua. Mwanamke mnene mwenye pini mdomoni akazitema pini akaniambia, "Zisikuue, mwanangu, bado hujala." Nilimkumbatia hata kabla ya kumsalimia. Tangu siku hiyo nikamwita mama, naye akanicheka Kiswahili changu kila tulipokwenda. Kwake yeye, sisi watu wa Kenya tunazungumza kama tunaokimbizwa.

Mwaka ule ninaousimulia, mama fundi alikuwa anamwoza kitinda mimba wake. Kwao ni desturi, siku ya wanawake, mashoga na mabinamu kuvaa kiume na kufanya vichekesho mbele ya biarusi. Yeye alitaka kitu kipya, si kile cha kila arusi cha mtu kujifunga mto tumboni na kujifanya sheha wa mtaa. Mimi, mdomo wangu hauna mlango. Nikamwambia, "Mama, mimi nina mchezo mzima kichwani. Wa nyimbo. Nakupa mwanzo mpaka mwisho."

"Hebu."

Nikamsimulia pale pale. Hajja alikuwa sebuleni na kahawa yake na tende, sisi tuko jikoni. Nikaigiza mwokaji, nikaigiza binti, nikaimba wimbo wa uchumba wa yule kijana, ambao nilikuwa nimeshaugeuza Kiswahili zamani nikiosha vyombo:

*Nipe mkate mwingine,*
*wa jana sijaumega;*
*njaa yangu si ya tumbo,*
*tanuri nalo lajua.*

Biarusi mwenyewe alikuja kusimama mlangoni akicheka. Nikafika kwenye arusi, nikarusha unga wa kujifanya, nikainama kama pazia limeshuka. "Halas," nikasema.

Mama fundi akaningoja. Akaona siendelei. "Na maiti?"

"Maiti gani?"

"Maiti ya mwokaji, weye! Si anakufa?"

Nikamwambia hafi mtu, anaoza binti, watu wanarushiana unga, wanakwenda kwao. Yule mama alishika ukingo wa sinki, akacheka mpaka akakaa chini. "Huo mchezo tumekua nao sote hapa Jeddah, mwanangu. Kila sikukuu ulikuwa kwenye televisheni. Arusi ile iko katikati! Pazia lile ni la watu kwenda kunywa soda! Umeniletea nusu ya mchezo, nusu nyingine umemwachia nani?"

Niliona haya, na nilikasirika pia, maana nilikuwa nimeutazama mchezo huo Ijumaa zote zile na kujiona bingwa. Nikamuuliza nusu ya pili inasema nini. Akanisimulia huku akipangusa macho kwa kanga. Mwokaji anakufa ghafla, mikono ingali na unga. Tanuri linapoa. Mtaa mzima unakataa kununua mkate kwingine, wanakaa na njaa na ukaidi wao. Binti anaimba mbele ya tanuri baridi, wimbo ambao mama fundi aliuvumisha kidogo tu nikahisi baridi mgongoni. Kisha yule mkwe mwenye haya, asiyejua hata kukoroga chai, anaamka alfajiri kuoka. Anaunguza. Anaunguza tena. Majirani wanaula mkate mweusi kama makaa, wanaumwagia machozi, kisha mmoja anaangua kicheko kwa jinsi ulivyo mchungu, na kicheko kinapita sinia hata sinia mpaka tanuri linawaka. Mwisho.

Jioni, Al-Baghdadiyah, nilimuuliza madam kwa nini Hajja huwa anakomea katikati. Madam alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwamba diski ile ni ya marehemu baba yake. Kwamba alikuwa akiupenda ule wimbo wa tanuri kuliko kitu chochote. Kwamba siku zake za mwisho kitandani aliuomba, wakamchezea, na ulipokwisha naye alikuwa ameshakwenda. Tangu hapo Hajja hajausikia. Watoto walitaka kuitupa diski, akakataa. Akaona heri abaki na nusu ya kucheka.

"Kwa nini unauliza?" madam akasema.

Nikamweleza habari ya arusi. Hajja alikuwa mgeni wa heshima, mama fundi alikuwa ameshamwalika na yeye ameshashonewa nguo ya kijani. Madam akanitazama kwa jicho la darasani. "Mchezo fanyeni. Lakini mama yangu ana presha. Ule wimbo asiusikie. Mafi, hakuna. Umenielewa?"

Nilimwelewa, na kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa simtaki yule maiti. Mimi tangu zamani hadithi huzikata zinapoanza kuuma. Mama yangu akinipigia simu kutoka Voi namsimulia fundi wa gesi, namsimulia Hajja anavyomsengenya mhubiri wa redioni, tunacheka mpaka salio linakwisha. Siku ambazo nilimkumbuka hadi nikashindwa kula, hizo sikumsimulia. Niliona ndiyo mapenzi hayo.

Basi nikaenda kwa mama fundi na habari kwamba tutafanya nusu ya kwanza tu, imetosha, ina arusi ndani yake, mnataka nini tena?

Akakataa katakata. Shangazi mmoja wa biarusi alikuwepo akaniunga mkono, akasema maiti kwenye arusi ni mkosi. Mama fundi akamkata jicho. "Mkosi? Mamangu aliolewa Unguja, na mimi nimeolewa hapa, na sote tulililiwa siku ya arusi mpaka wanja ukafika kidevuni. Siku hizi mnataka watu wakae kwenye viti vya dhahabu watabasamu kama picha ya pasi." Kisha akanigeukia mimi. "Weye mwanangu si unasema kila siku baada ya dhiki faraja?"

"Nasema."

"Sasa dhiki umeikata umeitupa. Hiyo faraja utaitia wapi?"

Nikasema basi tujaribu nusu ya kwanza peke yake, aone inavyopendeza. Tukaijaribu. Mimi ndiye niliyekuwa mwokaji, masharubu ya wanja na mto wa kochi tumboni. Binti aliigizwa na dada mmoja wa Kakamega aliyefanya kazi kwa jirani wa Hajja ghorofa ya juu, msichana wa kwaya, mpole ukimwona, lakini akifungua koo hata kiyoyozi unakisahau. Hajja mwenyewe ndiye aliyempigia simu madam wa dada huyo kumwombea ruhusa, akidai anamhitaji kumsaidia kubeba mfuko wa nguo. Majirani walikuwa mabinamu wa biarusi. Tulifanyia kwa mama fundi, jikoni na koridoni, na kila tukiimba tulisikia fimbo ya Hajja sebuleni ikitupigia mdundo.

Walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili wakatabasamu. Mara ya tatu binamu mmoja akatoa simu yake katikati ya kurusha unga. Nilihamaki nikamwambia huu si uwanja wa sokoni. Akanijibu bila ubaya, "Sasa kwani tunamhofia nani, dada? Tangu mwanzo sote tunajua ataoza tu." Yule wa Kakamega, ambaye kwa kawaida haingilii maneno ya watu, akasema, "Aki ni ukweli. Hii ni sukari bila chai."

Akaomba afundishwe ule wimbo, ausikie tu. Mama fundi akafunga mlango wa jikoni Hajja asisikie, akamvumishia tuni taratibu. Maneno tuliyapata papo hapo, tukiongezeana:

*Tanuri, mbona wapoa,*
*na unga haujakandwa?*
*Aliyekukoka moto*
*kaenda bila kuaga.*

Aliuimba mara moja, kwa sauti ya chini. Kisha, na hili ndilo lililonigeuza, mabinamu wakaomba turudie mchezo wote tangu mwanzo, na safari hii yule mwokaji akiteleza kwenye unga walicheka hadi wakalia. Ulikuwa mtelezo ule ule, mto ule ule. Lakini sasa walijua atakufa, na kila upuuzi wake ukawa mtamu. Nilisimama pale na masharubu yangu nikaona kwamba nimeshindwa, na nikafurahi kushindwa.

Likabaki moja: Hajja. Kumficha sikutaka. Ningeweza kumwahisha nyumbani kwa kisingizio cha dawa, madam angenishukuru. Lakini yule bibi hakupata kunidanganya hata siku moja, hata nilipounguza samaki wake. Asubuhi moja nikimsuka, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokea mikate, "Hajja, siku ya arusi tutafanya mchezo wote. Mpaka mwisho. Pazia likishuka katikati, dereva atakuwa mlangoni, na shela lako nitakuwa nalo mkononi. Ukitaka kwenda, tutakwenda wote, hata mimi."

"Nani atakuwa mwokaji ukienda?"

"Mama fundi. Tumbo analo, hahitaji mto."

Sikusikia kicheko. Mikono yangu ikasimama kwenye nywele zake. Akasema, "Chai imepoa," na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo. Siku zote zilizofuata hadi arusi hakulitaja tena. Madam nilimwambia pia, kwa sababu sikutaka niwe mjanja. Alinifokea, akaenda chumbani kwa mama yake, nikasikia sauti mbili, kisha moja tu, ya Hajja. Madam alipotoka aliniambia, "Yeye mwenyewe ataamua. Lakini mimi nitaketi karibu naye."

Shughuli ilikuwa alasiri kwenye istiraha, nyumba ya kukodi yenye ukuta mrefu na bustani ya majani ya plastiki. Wanawake tupu. Mlangoni mashela meusi yalivuliwa na chini yake ikatoka bustani ya kweli: hariri, leso, viatu vya kumetameta, udi, asumini masikioni. Biarusi alikaa kwenye kosha lake, jukwaa lililopambwa maua, akiwa ameambiwa asicheke sana asije akaharibu uso. Hajja, ndani ya nguo yake ya kijani, aliwekwa mbele kabisa kwenye kiti chenye mikono, madam kando yake ameshika kikoba cha dawa utadhani ameshika bastola.

Tukaanza. Sijui niseme nini ila kwamba mambo yalikwenda. Mto uliponiponyoka tumboni katikati ya wimbo nikaukanda kama unga, ukumbi ukapasuka. Wageni wa Kiarabu wasiojua Kiswahili walizitambua tuni na kuitikia kwa Kiarabu, Wazanzibari kwa Kiswahili, na wasichana wetu wawili watatu wa Kenya waliopata ruhusa kwa vigelegele. Kijana mwenye haya, aliyeigizwa na binamu mwenye simu, alimgawia mkate shangazi wa mkosi akamwita paka, na shangazi akalia nyau. Nilipomkimbiza na mti wa kuokea nilipita mbele ya Hajja. Alininyooshea fimbo akanipiga makalioni. Arusi, unga, weupe mtupu. Mama fundi akashusha shuka tuliyoifanya pazia.

Nilitoka nyuma ya shuka hapo hapo, unga hadi kwenye kope, nikachukua shela la Hajja kwenye msumari. Vikombe vya chai vilikuwa vinapita. Hajja alikuwa ameshasimama, ameegemea fimbo, na madam ameshamshika kiwiko. Mlangoni dereva alikuwa ameshapiga honi. Nikamfunulia shela kama nilivyomfunulia kila siku ya maisha yetu, mabega kwanza.

Hajja akautazama uso wangu, masharubu yaliyochuruzika. Akalipiga shela kwa mgongo wa mkono wake.

"Kiti changu kina mto mbaya, nimesimama kuurekebisha," akasema. Kisha akaketi, akaweka fimbo mapajani. "Yalla."

Yaani haya, endeleeni. Nilikuwa sijamsikia akisema neno hilo pazia likishuka. Mahali hapo palikuwa pa halas. Nikarudi mbio nyuma ya shuka nikamwambia mama fundi, "Pandisha, pandisha kabla hajabadilisha nia!" na huku nalia, masharubu yakaisha kabisa, nikafa nikiwa mwokaji asiye na masharubu.

Nilikufa vizuri. Nililala chali na mikono yenye unga kifuani, nikamsikia dada wa Kakamega akivuta pumzi. Akaimba. Kwa kuwa nilikuwa maiti sikuweza kugeuza kichwa, na hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyowahi kupata, kwani kwenye ubeti wa pili ilijiunga sauti nyingine, ya Kiarabu, nyembamba, yenye kutu, inayokosa pumzi mwisho wa kila mstari. Sikuhitaji kugeuka. Nilikuwa nimeishi na sauti hiyo. Dada wa Kakamega, mtoto wa kwaya, akapunguza ya kwake ikawa chini ya ile ya Hajja, akaishikilia, na wakaufikisha wimbo mwisho pamoja, mmoja kwa lugha yake na mwingine kwa yake. Nilifungua jicho moja. Madam alikuwa ameweka kikoba cha dawa sakafuni na kichwa chake begani mwa mama yake. Biarusi juu ya kosha alikuwa analia waziwazi, wanja umefika kidevuni, na mama fundi akamwonyesha kwa kidole akasema kwa sauti, "Hiyo sasa ndiyo arusi!"

Kisha mkwe akaja na mikate iliyoungua. Tulikuwa tumeiunguza kweli, kwenye oveni ya istiraha, na moshi ulikuwa umejaa jikoni. Majirani wakaigawa kwa wageni. Hajja akamega, akatafuna, uso ukamkunjamana. Akakiangalia kile kipande kama anayekisomea shtaka. "Huu," akasema, "ni mbaya kuliko samaki wa huyu maiti." Akaangua kicheko. Kilianzia hapo, kwenye kiti cha mbele, kikapita ukumbi mzima, nami nikafufuka bila ruhusa ya mchezo kwa kuwa maiti anayecheka hafai kitu. Kama tanuri liliwaka mwishoni sikumbuki. Nakumbuka ngoma, na dada wa Kakamega amebebwa juujuu, na shangazi wa mkosi akiomba mkate wa pili.

Usiku ule nilimpigia mama Voi nikamsimulia, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia yote, hata siku zile ambazo sikula. Kisha akasema, "Nilikuwa najua, mwanangu. Ulikuwa unacheka haraka mno." Tukalia, halafu akauliza ule mto uliponyoka vipi, tukacheka, na safari hii sikuwa na haraka.

Tuliporudi Riyadh ilikuwa baridi na vumbi kama kawaida. Ijumaa, wenyewe wakalala, nikaleta chai ya mnanaa na kuitia diski. Arusi ikafika, unga ukaruka, pazia likashuka. Nikamtazama Hajja. Rimoti ilikuwa mkononi mwake. Akanirushia mimi mapajani, akajiegemeza kwenye mto.

Basi kwa mara ya kwanza nikaiona nusu ya pili kama ilivyotengenezwa. Mwokaji akafa, na nikaona kwamba mimi nilikufa vizuri zaidi. Tanuri likapoa. Binti akatoka peke yake mbele ya jukwaa lile linalotetemeka, watazamaji wakaacha kukohoa, akaanza ule wimbo. Nikageuka polepole kumwangalia Hajja, niwe tayari na maji, na dawa, na mkono wa kushika.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, fimbo imedondoka, anakoroma taratibu katikati ya wimbo ambao kwa miaka yote ile hakuweza kuusikia. Sikuzima. Nikaipunguza sauti kidogo ili asiamke, nikalia peke yangu hadi mikate ikaanza kuungua.